Komeo la Chini

Mwaka wa 2012 nilikuwa muuguzi Lodwar, nikipanga chumba kimoja mtaani Kanamkemer pamoja na binti yangu wa miaka mitatu. Baba yake alikuwa kazini Eldoret. Komeo la mlango wangu lilikuwa limepigiliwa chini, usawa wa magoti, na lilikuwa gumu kuvuta. Nilimwomba mwenye nyumba alihamishe. Akaniambia, "Madam, usiguse mlango wangu. Nitaleta fundi." Fundi hakuja. Nami sikuwa hata na bisibisi. Niliona ujinga kununua vifaa vya kutengeneza nyumba ya mtu.

Jumamosi moja, jua likiwa katikati ya mbingu, nilitoka kuanika nguo. Ndani maharagwe yalikuwa yakichemka kwenye stovu ya mafuta ya taa, chini sakafuni. Nikasikia mlango unagongana na fremu, kisha chuma kikikwaruza. Mtoto alikuwa amefunga komeo.

Mwanzoni nilicheka. "Vuta, mama. Vuta hicho chuma."

Akavuta. Halikutoka. Akavuta tena, akaanza kulia.

Nikakimbilia dirishani. Halikuwa na kioo, ila wavu wa chuma uliopigiliwa misumari kwenye fremu. Nilimwona wazi. Alikuwa anarudi nyuma kuelekea stovu, macho kwangu, mikono juu akitaka nimbebe.

"Simama hapo! Usirudi nyuma!"

Sauti yangu ilimtisha, akarudi hatua nyingine.

Jirani yangu, mama Mturkana aliyeuza makaa, alitoka kwake. Hakuniuliza kitu. Aliweka uso kwenye wavu, akaanza kuimba kwa Kiturkana, polepole, huku akipitisha ncha za vidole kwenye matundu na kuzichezesha. Mtoto akanyamaza. Akaja dirishani kushika vile vidole.

Mimi nilikuwa nachokonoa misumari kwa mwiko wa jirani. Mwiko ukavunjika. Nikajaribu panga lake. Ncha yake haikuingia chini ya vichwa vya misumari. Maji ya maharagwe yalikuwa yanakauka, moshi umeanza, na bati la chumba kile saa sita huwezi kuliwekea mkono.

"Enda utafute fundi," jirani akasema.

"Siwezi kumwacha."

"Wewe unamwogopesha. Mimi iko hapa. Enda."

Nilikwenda. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko kuligeuzia dirisha lile mgongo. Nilikimbia bila viatu mpaka barabarani, kwa fundi wa pikipiki, mchanga ukiniunguza nyayo. Alikuwa amelala chali chini ya injini.

"Niazime nyundo na koleo, tafadhali."

"Vyombo vyangu haviondoki hapa, madam. Vikienda havirudi."

"Mtoto wangu amejifungia ndani na stovu inawaka."

Akainuka, akatupa vifaa kwenye gunia, akawasha pikipiki ya mteja wake. Nilipanda nyuma.

Tulipofika moshi ulikuwa unatoka dirishani. Jirani alikuwa bado anaimba, lakini sauti imekauka, na mtoto anakohoa. Fundi aliingiza bisibisi chini ya wavu, akaigonga kwa nyundo, kisha akang'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja. Mmoja ulikatika kichwa. Hapo ndipo nilipoanza kulia. Alipofungua pembe moja nikaukunja wavu kwa mikono mitupu. Alama ninayo hadi leo kiganjani. Jirani akamtoa mtoto akiwa amelowa jasho, midomo imekauka. Fundi akaingia kwa dirisha, akazima stovu, akaufungua mlango kwa kulipiga komeo teke.

Mtoto alikunywa maji, akatapika, akanywa tena. Nilimpima joto kila baada ya muda mfupi mpaka jioni.

Mwenye nyumba alikuja Jumatatu. "Nani ameharibu dirisha langu?"

"Mimi," nikasema. "Na komeo nimeling'oa."

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimenunua nyundo, bisibisi, koleo na pakiti ya misumari, nikaviweka kwenye ndoo yenye kifuniko nje ya mlango, si ndani. Jirani alikuwa anajua vilipo.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kakuma. Nilipata chumba nyuma ya maduka, na kabla sijatandika godoro nilikagua mlango. Komeo lilikuwa tena chini. Nilikaa sakafuni, nikafungua skrubu zake, nikalipandisha mpaka usawa wa kichwa changu, mtoto akiwa amekaa uani namwona. Ilinichukua mchana mzima. Kila gari kubwa la kwenda Loki, kule mpakani, lilipopita nilishtuka, nikainua macho kumtafuta mtoto.

Mwenye nyumba wa huko alipokuja aliona matundu manne ya zamani kwenye mbao. Akauliza nani amegusa mlango. Nikamwambia ni mimi, na nikamweleza kwa nini. Alimtazama mtoto, kisha akaenda kukagua choo.