Ushauri Wangu Mwenyewe Umeninyima Shamba la Mama

Admin, nifichie jina, ingawa wa kwetu wakisoma watanijua tu, na siku hizi sijali. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, fundi cherehani, naishi Mafiga hapa Morogoro. Mume wangu ametoka mkoa mwingine, anafanya kazi kiwandani Mzinga. Tuna mabinti wawili. Mimi mwenyewe ni Mluguru wa juu milimani, na kwetu ardhi inapita kwa mama. Mabinti zangu hawana shamba kwa baba yao. Tegemeo lao lilikuwa la bibi yao, mama yangu.

Wengi humu ukurasani mnanifahamu bila kunijua. Mimi ndiye ninayejiita Mama Tulia. Kisa kikiwekwa tu, watu wanaanza, "Mama Tulia yuko wapi aje atoe neno?" Nami nakuja. Wateja wakipungua naweka kitambaa pembeni, nasoma kisa mara mbili, naandika taratibu, bila matusi wala kumcheka mtu. Niseme ukweli, nilijisikia. Nyumbani hakuna anayeniuliza maoni yangu hata ya mboga, lakini humu nilikuwa mtu.

Miezi michache iliyopita mliweka kisa cha binti mmoja. Hakutaja mkoa. Alisema amekaa na mama yake maisha yake yote, amelima naye, na sasa mama amefariki. Dada yake aliyehamia mjini zamani anataka nusu ya shamba. Nilimwonea huruma kweli. Nikaandika, "Mdogo wangu, usiyumbe. Wewe ndiye uliyelima, wewe ndiye uliyekaa na mama. Huyo dada yako kwanza aseme mara ya mwisho alishika jembe lini. Nenda kwa wakubwa wa ukoo, waeleze yote, wao watamaliza." Mlipenda wote. Kuna aliyeandika kwamba nikigombea ubunge kura yake ninayo.

Kumbe yule binti ni mdogo wangu wa tumbo moja, na dada wa mjini ni mimi.

Msiniulize kwa nini sikujitambua. Aliyeelezwa mle alikuwa mtu mbaya, na hakuna anayejitafuta kwenye ubaya. Halafu mdogo wangu hakuwahi kuniambia kwamba analitaka shamba lote. Tulikuwa hatuongei, lakini nilijiambia ni msiba tu.

Nilijua siku mjomba alipotuita. Kwetu kaka yake mama ndiye msemaji wa mwisho kwenye mambo ya ardhi. Nikapanda mlima mapema, nikamsalimia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba, kaa hapo." Wajomba wengine wawili walikuwepo. Mdogo wangu akaeleza yake, kisha akatoa simu. Akasema, "Mjomba, msione ninajipendelea. Nimeuliza watu wasiotujua. Kuna mama mmoja mwenye busara sana amenijibu." Akaanza kusoma.

Alipofika kwenye "usiyumbe" nikajua anayesomwa ni mimi. Alisoma vizuri, tena kwa kituo, maneno yangu yote hadi la mwisho. Wale wazee walitikisa vichwa kukubali. Mjomba akasema, "Huyu mama sijui ni wa wapi, lakini anajua mambo." Kisha akanigeukia, "Haya, wewe una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Ningewakumbusha kwamba mama alipopooza upande mmoja alikaa kwangu Mafiga miaka minne, nikamwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, na ndiyo maana jembe sikulishika. Yule mwenye "nimekaa na mama maisha yangu yote" miaka hiyo alikuwa huku juu anavuna maharage. Lakini ningeanza kujitetea, ningebishana na Mama Tulia, na wote walikuwa wamekwisha kumwamini. Na ningesema Mama Tulia ni mimi, wangecheka hadi bondeni. Nikasema, "Sina, mjomba."

Akaamua shamba lote ni la mdogo wangu. Akaongeza kwa upole, "Siku yako ikifika, utazikwa hapa karibu na mama yako. Hilo hatukunyimi." Nilimshukuru, eti. Niliteremka mlima ule nikilia kwa hasira.

Nina uchungu na mdogo wangu aliyewaficha ninyi nusu ya habari. Nina uchungu na mimi, niliyejifanya hakimu kwa kusikia upande mmoja huku nikipasi kola za watu.

Sasa la mwisho, ambalo nimelifuta mara tatu kabla ya kuliandika. Mama alitaka kurudi kwake. Alinililia, "Mwanangu, nirudishe nikafie nyumbani." Mdogo wangu aliteremka na vijana wanne na machela kumchukua, nikamfungia mlango. Nilisema hospitali iko karibu na kwangu, na ni kweli. Ila pia nilitaka ijulikane kwamba aliyemuuguza mama ni mimi. Mama alifia Mafiga, kwenye chumba ambacho hakukipenda. Tangu siku ya ule mlango mdogo wangu hajanisemesha.

Jumamosi ijayo wanapanda miti ya mpaka, na ikishapandwa hakuna atakayefungua tena mazungumzo. Nikipanda mlima kusema ile miaka minne, na yeye atasema habari ya mlango. Nikinyamaza, wanangu wamekosa.

Nishaurini, ndugu zangu, niende au niwaache wapande? Na wewe mdogo wangu, najua ukurasa huu unausoma. Andika na upande wako hapo chini, wote wausome. Safari hii Mama Tulia hatajibu.