Fukuto la Kwedizinga lilivyotuumbua mimi na baba mkwe

Wakuu, habari za jioni.

Leo acha niwape kisa changu mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na shahidi ninaye: mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, na ameshaanza kucheka kabla sijafika popote.

Mimi ni Msambaa wa Vugiri, huku milimani Korogwe. Kwetu hata kiangazi kikikolea, usiku unajifunika. Joto la usiku nilikuwa nalisikia kwa watu tu.

Basi nikampenda Zaina, binti wa Kizigua, kwao Kwedizinga, Handeni. Posa ilishapelekwa na mshenga. Baba yake akasema kijana mwenyewe aje, alale, wamwone. Jibu atapewa asubuhi.

Mnaelewa presha niliyokuwa nayo.

Mama yangu akanifungia zawadi ya bibi yake Zaina: blanketi zito, la manyoya. Huku kwetu ukimpa bibi blanketi umemheshimu kweli kweli. Nyumba nzima hakuna aliyewaza kwamba linashuka bondeni, tena kiangazi.

Nikashuka Korogwe, nikapanda gari la Handeni, nikamalizia na bodaboda. Nafika magharibi, mawingu yamefunga, mvua haishuki, hakuna jani linalotikisika.

Wakuu, kuna joto na kuna fukuto. Joto ukikaa kivulini mmemalizana. Fukuto linakuvaa. Unaoga, ile unachukua taulo ujifute, jasho limeshatangulia.

Nilipokelewa vizuri mno. Shikamoo zikaenda kwa wote, ugali na kuku vikaletwa, na chai ya moto juu yake. Mzee, yaani baba yake Zaina, alikuwa ndani ya kanzu na kofia, mpole, maneno machache. Mimi shati la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, maana ukweni hauvai ovyo.

Muda wa kulala nikapewa chumba bora kuliko vyote. Cha ndani kabisa, bati juu, dari hakuna, dirisha limefungwa sababu ya mbu. Na kwa kunijali mimi mtu wa baridi, bibi akaagiza nitandikiwe lile lile blanketi nililoleta.

Nikalala juu yake, linawasha. Nikalitoa, godoro likaloa. Nikavua shati, nikakumbuka mlango wa chumba ni pazia tu, nikalivaa tena. Bati lilikuwa limekunywa jua mchana kutwa na sasa lilikuwa linanishushia mimi. Jagi la maji nikalimaliza.

Nikamtumia Zaina meseji kwamba nakufa. Akajibu nivumilie, baba yake anasikia kila kitu. Kweli, kuta za ile nyumba hazifiki juu, ukijigeuza tu kitanda kinakutangaza.

Hapo nikaanza kusikia na mimi. Chumba cha pili mtu anajipepea. Kingine mtu anaguna. Nikajiuliza wenyeji hawa mbona nao wanapata tabu, si watoke nje?

Uzalendo ukanishinda. Nikanyata, shati limefungwa mpaka shingoni, nikafungua mlango wa uani polepole kama mwizi wa kuku.

Uso kwa uso na mzee. Kanzu mwilini, kofia kichwani, mkeka kwapani.

Akaniuliza naelekea wapi. Nikasema msalani. Nikamuuliza na yeye, kwa adabu zote. Akasema naye msalani.

Na mkeka, wakuu.

Tukatazamana. Nilikuwa nimemuumbua mzee wa watu nyumbani kwake, na jibu langu liko mikononi mwake. Moyoni nikasema posa imekufa.

Mara bibi akapaza sauti kutoka ndani, kwa Kizigua. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Zaina ndiye aliyenitafsiria baadaye: "Toeni watu nje, msije mkanizika kwa ajili ya adabu."

Kumbe kipindi cha fukuto familia yote hulala uani! Siku ile walijifungia ndani ili mgeni asiwaone washamba. Wao wanavumilia kwa ajili yangu, mimi navumilia kwa ajili yao.

Mikeka ikatoka, vyandarua vikafungwa kwenye kamba za nguo. Wanawake upande wa jikoni, sisi huku. Kijiupepo kikapita, chembamba, lakini aisee nilikipenda.

Mzee akatandika mkeka wake, akaniachia nafasi. Akavua kofia. Kisha akavua kanzu, akabaki na msuli na fulana, akajilaza kwa raha zake. Akasema taratibu:

"Mbele ya mgeni mimi sivui kanzu."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, machozi yalinilenga, siwafichi. Nikafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, nikalala pembeni ya baba yangu.

Asubuhi hakuna aliyeulizia jibu.

Nilichojifunza: adabu ni kitu kizuri, ila ikianza kukutesa, sikiliza chumba cha pili. Huenda wenzako nao wanateseka kwa ajili yako. Na wewe wa milimani, bibi wa bondeni mpelekee kanga.

Mke wangu anasema nisisahau kuandika kwamba ile sehemu iliyobaki ya usiku nilikoroma kumpita baba yake. Sawa, nimeandika.

Haya, mliooa na kuolewa mbali na kwenu, shukeni hapa chini: ninyi mlijuaje kwamba mmeshakubaliwa?