Uongo niliosema juu ya motoka ya papa

Dada mumoja wa Kolwezi njo ametuandikia. Jina yake tumeficha. Someni mpaka mwisho, kisha mumujibu kwa heshima.

Bonjour kwenu bote. Mi niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na tisa, niko na batoto babili, naishi Dilala kwa papa yangu, mu zile nyumba za zamani za kampani. Mama yangu alikufa, sasa ni miaka ine. Papa angali hai, lakini kuna muzigo yangu anabeba yeye, na mi namuangalia tu, paka hivi.

Papa alikuwa karani wa depo. Alipoacha kazi alinunua motoka moja ya kijani, tayari ya kuzeeka. Mulango ya nyuma inafunguka paka kwa inje, moshi ikitoka majirani banafunga madirisha. Mama alikuwa anamuambia: "Tata, uzishe hii kitu wakati bantu bangali banaitaka." Papa anacheka. Aliipenda sana. Na mu batoto bake bote, mi peke yangu njo alinifundisha kuendesha, mi peke yangu njo alikuwa ananipa funguo.

Ile siku mama alikuwa na tension ya damu tangu juzi yake. Asubui niliomba motoka, nikasema naenda Fungurume kuchukua mifuko ya bunga ya kuuzisha ku soko. Papa akasita. "Mama yako haiko muzuri. Utarudia saa ngapi?" Nikamuambia, "Saa sita, Papa." Akanipa.

Bunga nilichukua kweli. Lakini wakati ya kurudia niligeuka Tenke, juu kulikuwa mwanaume mumoja kule, nilikuwa namupenda, na ku nyumba hakuna mutu alijua. Alinipikia samaki mwenyewe, akasema kaa kidogo. Simu ilikuwa mu sakosi yangu ya mukono, bila sauti. Nilikaa mpaka jua ikaanza kushuka. Nilipoitosha simu mu sakosi nikaona papa aliita, akaita, akaita tena.

Mama alianguka mu jikoni saa saba. Papa alisimama ku barabara anangoja motoka yake. Mwisho majirani basimamisha taxi-moto. Bakamukalisha mama katikati, papa nyuma yake, anamushika na mikono mbili. Alisema kisha kama alimusikia anakuwa muzito mu mikono yake mbele ya kufika ku hopitali. Docteur alisema, kama bangemuleta mbele kidogo, pengine.

Nilipoingia ku nyumba, bamama balikuwa tayari chini, banalia. Papa hakunigombeza. Aliuliza paka: "Mwana, motoka ilipatwa na nini?" Na mi, mudomo ikajibu yenyewe: "Ilifanya panne ku Tenke, Papa, ikakatala kuwaka. Hakukuwa mekano wa kuitengeneza, kamyo ikanivuta mpaka hapa." Akaitika na kichwa, polepole. Kisha akasema mbele ya bantu bote ya kilio: "Basi ni mi. Aliniambia niiuzishe, nilikatala. Mi njo nilimuua mama yenu." Bamama bakamufariji. Mi nikanyamaza.

Toka ile siku papa hakushika usukani tena. Motoka ilibaki ku kipembe ya lupango, inje ya nyumba, chini ya bâche, kuku zinatagia mu kiti ya nyuma. Kila mwaka, misa ya mama ikiisha, anasimama mbele ya familia na kusema maneno yale yale. Ndugu yangu mudogo, iko Lubumbashi, hajamusamehe. Akipiga simu anauliza habari ya nyumba, hamuulizi papa kama alilala muzuri. Yule mwanaume wa Tenke nilimuacha wiki ya maziko, bila kumuambia sababu.

Mwezi ulioisha ndugu yangu alisema tutoshe ile motoka, tujenge chumba pale. Papa akakubali: "Baipeleke kwa bantu ya kununua byuma ya zamani. Sitaki kuiona." Mbele ya Mungu, mi nilifurahi. Nilifikiri ikienda, na uongo yangu itaenda nayo. Tukaita mekano aangalie kama kuna kitu ya kufaa. Akaweka batri yake, akageuza funguo. Ikawaka! Akafungua kapo ya moteur, akainama mule wakati murefu, akaniambia: "Mama, hii moteur hakuna mutu aliigusa. Balisema ilifanya panne. Nani aliitengeneza?"

Papa alikuwa nyuma yetu, ku mulango. Akasema, "Ee, nani aliitengeneza?"

"Mekano wa Tenke, Papa."

"Ulisema hakukuwa mekano."

Papa akaingia mu chumba. Siku mbili hakukula na sisi. Siku ya tatu akaniita, nikakaa karibu yake. Akasema: "Huyu mekano anaitaka motoka. Mupatie. Na tusiongee tena habari ya ile siku. Mi niko muzee, hii muzigo nilishaizoea." Nikasema, "Papa, mi ile siku…" Akainua mukono. "Mwana, tafazali." Machozi ikatoka. Hata ku maziko ya mama sikumuona analia vile.

Mekano anakuja siku ya posho, samedi, kuchukua motoka. Kisha wiki mbili ni misa ya mama. Ndugu yangu atakuja, na papa atasimama tena, aseme ni yeye alimuua bibi yake, mama yetu, na mi nitakuwa nimekaa pale. Nikisema kweli, nitakatala kitu moja tu papa aliniomba, na pengine familia itanifukuza, abaki bila mutoto wa kumuangalia. Nikinyamaza, atakufa na kosa yangu, na mwana yake anamuchukia bure. Munitukane kama munataka, nastahili. Lakini ninyi benye kuwa na bazazi, niambieni: mu hii, mi nifanye namna gani?