Lita Nne na Robo

Walimwita Sitini, na jina likamkaa kama la ukoo. Lilianza kwa madereva wa malori waliokwama nyuma ya kigari chake cheupe. Walipiga honi mpaka wakachoka, na walipopata nafasi ya kumpita walichungulia dirishani wakitegemea kuona kikongwe. Wakamkuta mwanaume wa makamo, shati limenyooshwa pasi, mikono yote miwili kwenye usukani, akiwapungia kwa adabu.

Alikuwa fundi mizani. Alizunguka miji midogo akikagua mizani ya maduka, ya vinu vya kusaga na ya maghala ya mazao, na mawe yake ya shaba ya kupimia aliyabeba kwenye buti, kila moja limefungwa kitambaa chake. Mtu anayeshinda akitafuta gramu tano zilizopotea hawezi kukaa bila kujua petroli yake imekwenda wapi. Gari lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake: giya nne, kabureta, umbo la mche wa sabuni. Geji ya mafuta ilikufa zamani, kwa hiyo alichonga kijiti, akakitia alama za lita, akawa anakitumbukiza kwenye tangi kama muuguzi anayempima mtu homa.

Kwa miaka kumi na miwili ya safari hizo alijua kila tabia ya gari lile. Kwa mwendo wa sitini, lita moja ilimpa kilomita kumi na tisa. Kwa themanini, kumi na nne. Kwa mia na kumi injini ililia kama inachinjwa, upepo ukaligonga gari usoni kama ukuta, na lita ileile iliishia kwenye kilomita ya kumi. Na kwenda polepole kupita kiasi nako hakukusaidia, maana chini ya hamsini giya ya nne iligoma na gari likatetemeka.

"Sitini," alimweleza kila aliyemuuliza, na wengi ambao hawakumuuliza. "Hapo ndipo linapopumua."

Mkewe aliwaambia rafiki zake kwamba ameolewa na saa ya ukutani. Lakini safarini alivua viatu, akakunja miguu kitini, wakapiga soga njia nzima. Kwa mwendo ule watu wawili waliweza kuzungumza bila kupayuka. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na tumbo bovu. Vidonda vya tumbo vilimsumbua tangu alipomzaa binti yao wa pekee, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alivizoea, akavimezea dawa, akaendelea na umbea wake.

Jumapili moja walikwenda kumsalimia mama mkwe. Shemeji yake pia alikuwepo, kaka mdogo wa mkewe, dereva wa mkurugenzi fulani. Alikuja kwa basi kwa sababu gari la bosi haliruhusiwi kutoka siku za mapumziko, lakini kwa jinsi alivyolisimulia ungedhani ameliegesha nje. Asubuhi hiyo, kwenye njiapanda, Sitini alikuta kituo cha mafuta hakina umeme na pampu zimelala. Alipofika akatumbukiza kijiti: lita nne na robo. Zilitosha kabisa kurudi mjini, kilomita sabini na mbili, bila wasiwasi.

Saa saba kasoro mkewe aliinuka mezani, akaenda uani, akatapika damu. Si damu ya kutia doa. Ilijaa karai.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alimshika mkono, akamtazama macho, akasema haraka, "Mpelekeni hospitali kubwa ya mjini. Sasa hivi. Gari letu limetoka na mzazi, msilisubiri." Walizunguka nyumba za jirani wakitafuta gari lingine au hata dumu la petroli. Hawakupata. Saa saba na dakika kumi walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mdogo wake, na Sitini akaondoa gari.

Alipanda mpaka sitini, akatulia hapo.

"Shemeji, kanyaga," alisema yule wa nyuma.

"Mafuta ni lita nne na robo. Kwa mwendo huu tunafika saa nane na dakika ishirini. Nikikimbiza yanatuishia njiani, na mpaka mjini hakuna kituo kingine."

"Unapiga hesabu? Dada yangu anakufa unapiga hesabu?"

"Ndiyo maana napiga."

"Wewe kila siku ni hivyohivyo! Bahili wewe! Hata kwa mkeo!"

Sitini alishika usukani akaangalia mbele, jasho likimchuruzika shingoni. Basi likawapita, halafu lori, halafu pikipiki yenye magunia mawili ya mkaa. Kila kimoja kilipopita, shemeji alipiga ngumi mgongo wa kiti. Walikuwa wamekwenda kilomita nane mgonjwa alipofumbua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama inatoka chumba cha pili.

"Baba watoto," alisema. "Hata leo?"

Maneno machache tu hayo. Alimjua mumewe kuliko mtu yeyote duniani, na hata yeye aliamini kwamba anabania petroli tu.

Sitini angeweza kumjibu. Alikuwa na jibu, na lilikuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho. Aliweza kuvumilia madereva wote wa malori wamwone mjinga, ila hakuweza kwenda hata kilomita moja zaidi huku mkewe akimwona hivyo. Aliweka gari pembeni, akashuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Njoo uendeshe wewe," alimwambia shemeji.

Walibadilishana nafasi. Sasa kichwa cha mkewe kilikuwa mapajani mwake, na gari likanguruma kuliko lilivyowahi kunguruma. Themanini. Mia. Mia na kumi. Milango ilitikisika. Yale mawe ya shaba yaligongana kwenye buti. Shemeji aliyapita malori mawili na lile basi, uso umemng'aa, akasema, "Unaona? Linaweza! Miaka yote ulikuwa unalibania tu!" Mgonjwa alitabasamu kidogo, au alikunja uso kwa maumivu. Sitini hakuweza kutofautisha. Alihesabu nguzo za kilomita zilizokuwa zikipita dirishani.

Kilomita ya arobaini na sita injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Gari liliteleza kwa kasi iliyobaki, kimya, mpaka likasimama kwenye mwinuko mdogo. Zilibaki ishirini na sita.

Shemeji alizungusha ufunguo mara nyingi. Kisha akatoka akasimama katikati ya barabara, akipunga shati. Magari madogo yalimkwepa. Mtu kifua wazi mwenye damu mikononi hasimamishi gari kirahisi. Basi lile lililopitwa lilifika, dereva akawatambua, akapiga honi ndefu ya kuwacheka, akapita. Dakika hamsini ziliisha ndipo lori la matofali likasimama. Walimpandisha juu ya matofali, wakatandika shati na koti. Lilikwenda polepole kuliko sitini.

Walifika saa tisa na dakika kumi. Alifariki wakati daktari bado anatafuta mshipa.

"Damu tulikuwa nayo," daktari alisema akivua glavu. "Mngemfikisha hata nusu saa mapema."

Sitini alimtazama shemeji. Shemeji akatazama ukuta.

Msibani, shemeji ndiye aliyesimulia. Alisimulia vizuri, huku analia kwelikweli. Alieleza jinsi gari lilivyotambaa na dada akitapika, jinsi alivyolazimika kunyang'anya usukani, na jinsi tangi lilivyokuwa tupu kwa sababu mtu huyu hajawahi kujaza tangi maishani mwake. Hakuna kilichokuwa uongo mtupu. Wanawake waliguna. Mama mkwe alimwomba Sitini akakae nje. Binti yake, mwalimu, alimpelekea maji bila kumwangalia, na baada ya maziko hakumpigia simu kwa miezi mitano.

Mwezi wa sita Sitini alimwendea shuleni. Alimwomba jambo moja tu, asubuhi moja ya maisha yake. Binti alikubali, labda kwa kuchoka kukataa.

Walikwenda kwenye barabara ileile. Sitini aliondoa mpira wa mafuta kutoka kwenye tangi, akaufunga kwenye chupa ya lita moja aliyoining'iniza ndani ya boneti, na akamwambia binti asome kilomita yeye mwenyewe. Kwa sitini gari lilizima baada ya kumi na tisa na nusu. Akajaza tena chupa ileile, akakimbiza mia na kumi, machozi yakimtoka kwa upepo wa dirishani au kwa mengine. Lilizima kwenye kilomita ya kumi. Alipiga breki, akamgeukia binti yake kama mwanafunzi anayesubiri alama.

"Umeona, mwanangu? Tungefika. Na akiba ingebaki."

Binti aliitazama ile namba ya kilomita.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mjomba hakujua. Mama hakujua. Wewe peke yako ndiye uliyejua, baba. Na ukashuka, ukampa ufunguo."

Alifungua mlango akatoka. Sitini aliurudisha mpira kwenye tangi, akamimina petroli aliyoibeba kwenye dumu, akamfuata, akaenda sambamba naye dirisha likiwa wazi, akimsihi apande. Hakupanda. Basi lilipokuja alilisimamisha.

Sasa binti ana watoto wawili. Hawapeleki kwa babu yao, ila mara mbili kwa mwaka familia hukutana kwa shemeji, na Sitini huitwa. Huenda kwa miguu kutoka stendi. Shemeji humpokea mlangoni kwa sauti kubwa kuliko wote, humkumbatia, humtafutia kiti karibu na watoto, kisha huwaambia, "Msimsumbue babu, amepitia makubwa."

Naye hushukuru, akakaa.