Ng'ombe Amemwachia Nani?

Mjukuu wangu amerudi kutoka Australia alikokwenda kusoma, na ndani ya begi lake mlikuwa na riwaya tatu mpya za huko. Akaniwekea mezani hapa nyumbani Nizwa, Oman. Yeye na wenzake wana kikao chao cha kusoma, kila mwezi mtu mmoja anaandika maoni, na mwezi huu wamenichagua mimi. "Lakini usome mpaka mwisho, Babu," akaniambia, "na useme kweli."

Hakujua amenigusa wapi.

Nimezisoma zote. Ya kwanza ni ya mzee anayerudi kwenye shamba la kondoo aliloligombania na ndugu yake. Vumbi lake nimelipenda. Aliyeliandika anajua kwamba vumbi huingia mpaka kwenye unga. Ya pili ni ya wasichana wawili wa mji wa pwani, maneno yake mazuri sana, ila kurasa mia nzima zinapita hakuna aliyekula. Ya tatu ni ya familia ya wageni waliokaa huko miaka thelathini bila ya kutundika hata picha moja ukutani. Hiyo niliifunga mara mbili nikatoka nje kutembea.

Ukinisikia nasema hivi usidhani ni akili yangu. Ni maswali ya bibi yangu. Yeye kila kisa alikipima kwa kuuliza nani anapika, maji yanatoka wapi, na yupi kati yao ni muongo.

Tulifika Ibra, mji mwengine wa huku Oman, katikati ya miaka ya sabini, tukitoka Mombasa tulikokimbilia baada ya kuondoka Unguja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kiingereza nakisoma, Kiarabu sikijui, basi shule ikanitia darasa moja na watoto wa miaka saba, magoti hayaingii chini ya deski. Mtaani wavulana waliniita Zinjibari na mpirani hawakunitaka. Heshima yangu yote ilikuwa katika kitabu kimoja. Jirani yetu, mtu wa Unguja kama sisi, alikuwa karani kwenye kazi ya barabara, na mhandisi mmoja wa Australia alipomaliza mkataba alimwachia kasha la vitabu. Jirani akaniazima kimoja, kinene, jalada lake limeliwa na jua.

Kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi alikaa kwenye kivuli cha ukuta, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Nyuma ya ukuta ulipita mfereji wa falaji, unaoleta maji ya chini ya milima mpaka bustanini, na jikoni bokoboko la ngano linatokota, chakula ambacho wenyewe Ibra wanakiita harisi. Mimi nilisoma Kiingereza kimoyomoyo nikisema Kiswahili kwa sauti. Kisa kilikuwa cha mwanamke wa nchi ya baridi, aliyeolewa kwenye shamba kavu la Australia na kila siku akawaza kurudi kwao.

Bibi alitaka kujua kila kitu. Kama huko wana falaji. Nikamwambia hawana, wanakinga mvua kwenye matangi ya bati. Isiponyesha je? Wanangoja. "Basi Ibra hiyo, kungojea maji tu," akasema, akacheka mpaka mchele ukamwagika. Alimlaumu mwandishi kwa kumpikisha mwanamke mikate bila ya kutwambia unga aliusaga nani. Na kila yule mwanamke alipokaa kuwaza meli, Bibi alinikatiza kuuliza ng'ombe anamkamua nani. Nilichoka na ng'ombe yule.

Siku zile shemegi yake, ndugu wa marehemu babu, alimtaka achukue bustani ndogo pamoja na fungu la maji. Falaji hugawanywa kwa zamu. Saa yako ikifika unafunguliwa maji, bustani yako inakunywa, kisha yanageuzwa kwa mwenzio. Mwenye fungu ni mtu wa hapo. Bibi alikuwa hajaamua. Vikombe vyake vya kahawa vya Unguja vilikuwa sandukuni, vimefungwa kwa kanga, na sisi tukinywea vya bati. Alimwambia shemegi angoje mpaka Ijumaa. Mimi aliniambia kwanza anataka kusikia yule mwanamke amefanya nini.

Alhamisi zilibaki kurasa arobaini. Nimeshika kitabu, wavulana wakapita ukutani kuniita. Walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja, na ndiyo mara ya kwanza kuitwa. Nikafungua ukurasa wa mwisho nikajifanya nasoma. Nikasema barua ilikuja kutoka kwao, mwanamke akapanda meli, ndugu zake wakampokea bandarini kwa vilio.

Bibi akaacha mchele. "Na ng'ombe amemwachia nani?"

"Jirani," nikasema, nimeshasimama.

Akanitazama kidogo. "Jirani mwema huyo," akasema. "Kumbe inawezekana."

Ijumaa shemegi alikuja, akakaa, akanywa kahawa. Bibi akamwambia maji yake ampe mwenye haja, yeye hapa ni mpitaji.

"Unapita kwenda wapi? Kwenu ni hapa alipozaliwa mumeo."

"Alipozaliwa mume wangu, shemegi, sipo nilipozaliwa mimi."

Maji yakapewa mtu mwengine.

Bibi aliishi miaka tisa baada ya hapo. Hakupanda hata asumini. Tulipolifungua sanduku baada ya maziko tulikuta vikombe kumi na viwili, havina hata ufa. Sisemi kitabu ndicho kilichomfunga. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Lakini aliniuliza, na mimi nilimjibu.

Mwaka mmoja baada ya maziko nilikwenda mji wa Sur kumzuru yule jirani, aliyekuwa amehamia huko, nikakiona kitabu rafuni kwake. Nikakiazima tena. Njiani kurudi Nizwa, nilikokuwa nimeshahamia, gari ikaniharibikia karibu na mji, nikaisukumiza mpaka kwa fundi Firq, na pale, nimekaa juu ya tairi kuukuu, nyundo zinagonga pande zote, nikazisoma zile kurasa arobaini. Barua ilikuja kweli. Mwanamke alifika bandarini na sanduku lake. Akasimama. Akaona jua linateremka, akageuka.

Siku hizi nikipita Ibra naiona ile bustani. Aliyeichukua alipanda milimau, watoto wake wakajenga nyumba mbili juu yake. Kivuli cha ukuta wetu hakipo kwa sababu ukuta haupo. Mchele unakuja umeshachaguliwa, na mjukuu wangu anasoma kimya, peke yake, kwenye simu. Hakuna wa kumkatiza.

Kikao nitakiandikia kwamba ya tatu ndiyo bora, na kwamba nimeisoma mpaka mwisho, neno kwa neno. Nitawaeleza na kwa nini.

Yule ng'ombe hakumwachia mtu, Bibi. Alirudi akanawa mikono, akavuta kigoda, akaanza kumkamua.