Shangazi hajawahi kuwasha tanuri, mimi nikamtangaza mchoma mkaa

Wakuu, salamu kwenu. Nianze na ujinga wangu kabisa, ili watakaonitukana wasipate tabu ya kuutafuta.

Nilimsingizia shangazi yangu kwamba ni mchoma mkaa. Kwa voice note. Nikiwa nimelala kwenye kochi.

Yote haya ni kweli. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Naishi Mkuza, Kibaha. Mimi ni mtu wa ndani. Majirani wananiita Kabati, maana nikishawekwa sehemu sihami. Form four nilimaliza, somo nililofeli ni kutoka nje.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Yuko Masaki ya Kisarawe (siyo ile ya mabalozi, tuelewane). Analima mihogo na ana mikorosho yake. Pia ana kikundi cha akina mama cha ngoma ya mdundiko, yeye ndiye anayeongoza kuimba.

Sasa likaja tamasha la sanaa huku kwetu, la kuhamasisha watu watunze bahari.

Najua mnajiuliza, Kibaha na bahari wapi na wapi? Hata mimi niliuliza. Wakaeleza kwamba chupa na mifuko tunayotupa kwenye mitaro inaishia mtoni, na mto unaipeleka baharini. Nikaona wana pointi.

Walikuwa wanatafuta vikundi vya ngoma, nikamtaja shangazi. Mratibu, dada mmoja mchangamfu sana, akaniambia vikundi vimekuwa vingi, watapita wenye story.

Basi nikampa story. Nikarekodi: hawa mama walikuwa wanachoma mkaa, wamemaliza misitu, sasa wamejuta na wanataka kuimba.

Wakapita siku ileile.

Hapa naomba mnielewe. Shangazi hajawasha tanuri la mkaa maisha yake yote. Ni yeye aliyetoka na panga kuwafukuza vijana waliokata mikorosho yake wakachome mkaa. Kijiji kizima kinajua.

Na mimi nilijua.

Akatunga wimbo. Kila akitoka kupalilia ananipigia aniimbie. Kuna mstari ulinikaa kichwani: "Bahari hatujaonana, ila taka zangu wazijua."

"Baba, mstari umekaa vizuri hapo?" Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake.

"Umekaa, shangazi."

"Basi siku hiyo usimame mbele nikuone. Watu wengi wananitia kiwewe."

Nikaahidi.

Siku ya tamasha jua likawa kali. Uwanja uko karibu na kwangu kiasi kwamba spika nilizisikia sebuleni. Nikajiambia, si wanarusha live? Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikajimiminia kikombe.

Wakapanda jukwaani, kanga sare, wamependeza. Nyuma yao kuna kasa mkubwa aliyetengenezwa kwa chupa za maji. Kabla ngoma haijalia, MC akapaza sauti: "Wapokeeni wachoma mkaa wa Kisarawe! Wameharibu misitu, leo wamekuja kuitubia bahari!"

Makofi.

Shangazi akamsogelea. "Mwanangu, mimi mkulima wa mihogo. Nani kakwambia nachoma mkaa?"

MC akacheka. "Mama, si ndugu yako mwenyewe katuambia!"

Shangazi akaangaza macho pale mbele ya jukwaa. Alikuwa ananitafuta. Wakuu, nilishusha kikombe utadhani ananiona.

Hakuimba. Aliwapa ishara wapiga ngoma, wakacheza bila neno hata moja, wakashuka. Ule mstari wa bahari sijui kama kuna mtu mwingine nje ya kikundi chao aliyewahi kuusikia.

Alikuwa alale kwangu. Hakufika. Kiroba cha mihogo alichoniletea alimwachia jirani yangu, Mama Happy, akaondoka na wenzake.

Waandaaji nao wakakata kipande kile cha MC tu, wakakisambaza mtandaoni. Nilimwomba yule dada akifute, akanijibu clip inafanya vizuri.

Huko Masaki sasa, wale vijana aliowafukuza na panga, kila shangazi akipita wanamsalimia, "Shikamoo mwenzetu." Mkorosho mwingine umeshakatwa. Safari hii hakutoka.

Sijui bahari imefaidika nini na siku ile. Yule kasa wa chupa mpaka leo yuko uwanjani, upepo unamnyofoa chupa moja moja kuelekea mtaroni.

Nilichojifunza ni hiki: niliona shangazi jinsi alivyo hatoshi kupanda jukwaani. Mwanamke aliyetunga mstari ule, mimi nikaona hana story. Hilo linaniuma kuliko clip.

Simu zangu hapokei. Voice note zangu anazisikiliza, hajibu. Mnaonaje, nitume nyingine au nisubiri hasira zipoe? Uwanja ni wenu, hata wenye matusi wasogee.

Nilimuuliza na Mama Happy, nikamkuta anaanika ile mihogo iwe makopa isije ikaoza. Namnukuu kama alivyosema:

"Kabati, uongo uliusema ukasikika uwanja mzima na wewe uko kwenye kochi. Sasa panda pikipiki uende Masaki, usimame mbele ya wale vijana, useme kwa mdomo wako kwamba wewe ni mwongo. Ukirudi ndiyo uje uchukue makopa yako."