Siku Niliyompanda Mchungaji Ziwani

Nawaambia mapema, kwenye stori hii bwege ni mimi. Kila nikisikia harufu ya magugumaji yanayooza kando ya ziwa, kama mboga iliyosahaulika sufuriani, najikuta nina miaka kumi, kaptura ya mtumba inavuka magoti, namhubiria mjomba Masanja.

Mjomba aliishi kwetu Mirongo, fundi redio barazani. Redio za nje zilikuwa zimeanza kumiminika, kila mtu alitaka yake, kwa hiyo meza yake haikukaa tupu. Kanisani hakanyagi. Wahubiri wa mikutano walikuja kumshawishi, akawatengenezea vipaza sauti, akawaaga vizuri. Nikaona hawa hawajui kazi. Mimi nimeokoka juzijuzi tu, na nampenda mjomba kuliko watu wote. Mbinguni bila yeye nitacheka na nani?

"Shikamoo mjomba. Yesu anakupenda."

"Marahaba. Kakutuma wewe? Wakubwa wameisha?"

"Huogopi moto?"

"Naogopa mteja wa hii redio. Lete bisibisi uliyoificha."

Sikumwacha. Asubuhi moto, jioni mbingu. Mwishowe, ili apumue, akakubali kuja Jumapili kuona nikibatizwa. "Nikiona kitu cha kweli, tutaongea."

Jumapili hiyo kwaya iliimba mpaka ndege wakahama. Wanaume walisukuma magugumaji kupata nafasi. Mjomba alisimama nyuma, mikono mfukoni. Nikaingia majini kifua mbele, nikampungia. Mchungaji akanibana pua, ndiyo kwanza anaanza kutaja jina la Baba, kitu kikanigusa mguu. Kirefu. Kinateleza.

"Mambaaa!"

Ndugu zangu, sijui nilipitia wapi. Nilijikuta mabegani kwa mchungaji, nimeshika masikio yake kama usukani wa baiskeli. Kwaya ikakatika. Mchungaji akapapasa majini, akainua mamba wangu: bua la gugumaji na mizizi yake. Watu walicheka, mama yangu akakaa chini kabisa kwa kicheko. Nikatoka mbio mpaka nchi kavu, nalia. Siyo aibu iliyoniliza. Niliona mjomba ndiyo basi tena, nimemfukuza mwenyewe.

Nikamtafuta kwa macho. Watu wote wanacheka, yeye hacheki. Ananitazama tu. Basi nikafuta kamasi, nikarudi majini magoti yakigongana. Nilizamishwa nimemng'ang'ania mchungaji shingoni, nikaibuka natema maji na haleluya pamoja.

Jumapili iliyofuata mjomba alikaa benchi la nyuma. Kabla ya mwaka kwisha akabatizwa palepale. Nikatamba mitaani miaka na miaka kwamba mahubiri yangu ya moto ndiyo yaliyomwangusha.

Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza ni hubiri gani hasa. Akaweka chini redio aliyoishika.

"Mahubiri yako? Hata moja silikumbuki, mjomba. Mimi nilidhani kuamini ni kazi ya watu wasioogopa, na mimi muoga tangu zamani, ndiyo maana nilikaa mbali. Halafu nikakuona unatetemeka vile, na bado unarudi."